Kitufe kikae kiooni au ukutani?

Tangu Apple ilipotoa ARKit mwaka 2017, na Google ikafuata na ARCore, wanaozitumia zana hizo kuunda programu za simu za uhalisia ulioongezwa, yaani vitu vya kuchorwa na kompyuta vinavyoonekana kana kwamba vimo ndani ya chumba halisi, huvutana juu ya jambo moja: vitufe na maandishi vibandikwe kwenye kioo cha simu, au vielee ndani ya chumba kinachoonekana kwenye kamera, pembeni ya kitu chenyewe?

Wanaotetea chumba wana hoja. Mtu akijaribisha sofa na meza sebuleni, na bei ikaelea juu ya kila kimoja, haulizi bei hii ni ya kipi. Menyu ya kiooni haiwezi hilo. Tena hula picha, mtu akaishia kusoma menyu badala ya kutazama sebule yake.

Shida ni hesabu. Simu ikishikwa wima, kioo cha upana wa sentimita 6.5 huonyesha takribani mita 1.3 za ukuta ulio umbali wa mita 2. Herufi ya sentimita 3 pale ukutani hubaki milimita 1.5 hivi kiooni. Kitufe cha sentimita 10 hubaki milimita 5 hivi, ilhali Google hushauri kitufe cha dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa kiooni), yaani karibu milimita 9. Kidole gumba kitagusa cha jirani.

Wengi hutibu hili kwa kukuza lebo kadiri mtu anavyorudi nyuma. Inasomeka, ila jicho hupima umbali kwa ukubwa: lebo iliyo mita 5 ikilingana na iliyo mita 1, zote huonekana zimebandikwa kiooni, na kazi yote ya kuzipeleka chumbani imepotea. Afadhali zikuzwe hadi mita 3 tu. Kupita hapo maandishi yafichwe, ibaki nukta. Lebo imgeukie mtu kwa kuzunguka kwenye mhimili wa wima pekee, na nyuma yake liwepo bamba jeusi linalopenyeza mwanga kidogo, maana rangi ya ukuta wa mtu huijui.

Kisha kuna kuteleza. Simu hujua ilipo kwa kufuata alama ndogondogo kwenye picha. Ukuta mweupe mtupu hauna alama. Vigae vinavyong'aa huakisi alama za uongo. Sofa ikiteleza sentimita 5, huenda mtu asitambue. Kitufe kikiteleza hivyo, amebonyeza hewa. Kwa hiyo "Futa" na "Anza upya" havina kazi chumbani: mtu akigeuka tu, havipo.

Kukuza kitu kwa vidole viwili nako hudai mkono wa pili, wakati wa kwanza umeshika simu. Kwa samani kuzimwe kabisa. Sofa ya mita 2 ikibanwa iwe mita 1.5 itaenea vizuri kiooni, ikwame mlangoni siku ya kuletwa.

Google Maps, kwa Live View ya mwaka 2019, inayoonyesha njia kupitia kamera, iligawa kazi: mishale huelea barabarani, ramani hukaa chini ya kioo. Ukiinamisha simu, ramani hurudi, na mkono uliokuwa juu hupumzika.