Digrii mkononi, macho Lanet: kuanza kazi Wizara ya Ulinzi kuna faida kwa nani?

Mhitimu wa chuo kikuu cha Egerton au Maseno akitaja Wizara ya Ulinzi ya Kenya, jamaa zake hufurahi kabla hajamaliza kueleza. Mshahara hauchelewi, matibabu yapo, pensheni ipo. Yote ni kweli. Wanachosahau kuuliza ni anaingia kama nani, maana ndani ya wizara hiyo moja mna maisha kadhaa yasiyofanana.

Mhandisi, daktari au wakili anaweza kuomba kuwa afisa mtaalamu. Kwa kawaida asizidi miaka 30, awe amesajiliwa na bodi ya taaluma yake, na apite vipimo vya mwili, ukiwemo urefu wa meta 1.6. Akishafunzwa ukakamavu, anarudi kwenye fani yake akiwa na cheo begani. Kwa huyu sioni ubishi mkubwa, ila kuna bei. Mwaka 2024 madaktari wa hospitali za umma waligoma siku 56 wakidai haki zao. Mwenzao wa jeshini hakukosa mshahara siku hizo, lakini pia hana chama cha kumtetea siku atakapoonewa. Kifungu cha 24 cha Katiba kinaruhusu sheria kuwapunguzia wanajeshi uhuru wa kujiunga na vyama, kuandamana na hata faragha. Na kuacha kazi si suala la notisi ya mwezi mmoja. Ukitoroka kambini ni kosa la jinai.

Kinachonisumbua zaidi ni yule mwenye digrii ya biashara au ya sanaa. Siku ya usajili, uwanja unajaa tangu alfajiri. Vijana wanavua mashati, meno yanakaguliwa, nyayo zinatazamwa kama ni bapa, halafu mbio. Kurutu wa kawaida anatakiwa awe na D ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na umri wa miaka 18 hadi 26. Humo foleni hukosi mhitimu aliyeiacha digrii nyumbani kwa makusudi, amekuja na cheti cha kidato cha nne tu. Namwelewa. Ana mkopo wa masomo wa HELB na wadogo zake wanamtazama. Lakini akifaulu atampigia saluti afisa mdogo kwake kiumri, aliyeingia Lanet, chuo cha kufunza maafisa wa jeshi, kama kadeti na B yake moja kwa moja kutoka sekondari. Tena nafasi anayoichukua ingemfaa kijana wa Budalang'i ambaye hiyo D ndiyo mtaji wake wote. Wapo wanaosema uwanjani kila mtu ajipiganie, na sheria haiwazuii. (Usajili ni bure. Bado kuna familia zinazouza shamba kumlipa tapeli, kisha kijana anafika Eldoret kwenye mafunzo na barua bandia na kuishia mikononi mwa polisi.)

Kisumu kuna njia isiyozungumzwa vya kutosha. Kenya Shipyards, shirika la serikali lililo chini ya Wizara ya Ulinzi, ndilo lililounda MV Uhuru II kando ya ziwa kwa kushirikiana na kampuni ya Damen ya Uholanzi. Ni meli ya takriban meta 100, inayobeba mabehewa ya reli. Mhandisi kijana anayesimamia mabamba ya chuma yakichomelewa hadi yawe meli anapata ujuzi ambao karakana za Kondele haziwezi kumpa, na hahitaji kuhamia Nairobi. Upande wa pili, mteja mkubwa ni serikali. Bajeti ikikauka, kazi hupungua, na mwajiri mwingine anayeunda meli kubwa upande wetu wa ziwa hayupo wa kumkimbilia.

Kazi ya kiraia wizarani, ya uhasibu au rasilimali watu, hupitia Tume ya Utumishi wa Umma. Pensheni yake ni nzuri: mfanyakazi akichanga asilimia 7.5, serikali huongeza 15. Mlango ndio mwembamba. Wengi huanza na mafunzo ya kazini ya tume hiyo, mwaka mmoja kwa shilingi 25,000 kwa mwezi bila ahadi ya kuajiriwa. Ukitoka Kakamega kwenda kupanga chumba Nairobi, hesabu hiyo inabana.

Halafu kuna Juni 2024, jeshi lilipoitwa kusaidia polisi wakati wa maandamano ya Mswada wa Fedha. Waliokuwa barabarani ni kizazi hiki hiki cha wahitimu. Anayeomba kazi leo ajiulize angefanya nini siku ile akiwa amevaa sare, kwa sababu amri haimngojei mtu atafakari.

Mpwa wangu akiwa na digrii ya umeme na miaka 24, ningemsukuma ajisajili na bodi ya wahandisi upesi, kisha aombe jeshini na Kisumu kwa pamoja. Mwenye digrii ya sanaa aliyefika miaka 27 ameshapitwa na umri wa kurutu, na nafasi za wataalamu zinazotangazwa ni chache mno kwa fani yake. Aombe tume, na wiki hiyo hiyo aombe benki, kaunti na mashirika.