Medicare Ukifika Miaka 65: Kujiandikisha Mara Moja au Kungoja?

Kwa wengi wetu tunaoishi Marekani, miaka 65 inatukuta bado tuko kazini. Aliyezaliwa mwaka 1960 au baadaye hapati mafao kamili ya Social Security, yaani pensheni ya serikali, mpaka afikishe miaka 67, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba habari zote za kustaafu zinaanzia hapo. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, ina saa yake. Tangu Rais Lyndon B. Johnson alipotia saini sheria yake tarehe 30 Julai 1965, umri unaohesabiwa kwa wazee ni 65, uwe umeacha kazi au hujaacha. Muda wa kujiandikisha ni miezi 7: mitatu kabla ya mwezi uliozaliwa, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Anayepokea tayari mafao ya Social Security huandikishwa bila kuomba na kadi humfikia nyumbani. Asiyepokea lazima aombe mwenyewe.

Medicare ina sehemu zake. Sehemu A, inayohusu kulazwa hospitalini, haina mabishano makubwa. Ukiwa umefanya kazi na kukatwa kodi kwa miaka 10, au mwenzi wako wa ndoa ametimiza miaka hiyo, huilipii chochote kwa mwezi. Wa kutahadhari ni yule anayeweka fedha kwenye akaunti ya akiba ya matibabu, ile HSA ya kazini, kwa sababu ukishaingia Medicare huruhusiwi tena kuichangia. Na ukijiandikisha baada ya 65, Sehemu A huweza kurudishwa nyuma hadi miezi 6, kwa hiyo michango inafaa isimame mapema.

Mjadala wenyewe uko kwenye Sehemu B, inayolipia madaktari, vipimo na matibabu yasiyo ya kulazwa. Mwaka 2026 inagharimu dola 202.90 kwa mwezi kwa watu wengi, na zaidi kwa wenye kipato kikubwa. Je, uanze kuilipa mara tu ufikapo 65, au ungoje?

Wanaosema usingoje wana hoja nzito. Ukichelewa bila sababu inayotambuliwa, ada yako inaongezeka kwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili uliyokaa nje, na kwa walio wengi nyongeza hiyo haifutiki maisha yote. Wapo wanaoiona faini hii kuwa uonevu kwa wazee, na kweli ni kali kwa mtu ambaye kosa lake ni kutojua tu. Lakini sababu yake inaeleweka: kama kila mtu angengoja mpaka augue ndipo ajiunge, mfuko ungebaki na wagonjwa peke yao na ada ingepanda kwa wote. Kinachonitia hofu mimi kuliko faini ni pengo. Aliyekosa muda wake hujiandikisha kati ya tarehe 1 Januari na 31 Machi tu, na bima inaanza mwezi unaofuata. Ukigundulika na uvimbe mwezi Aprili, unaingia kwenye matibabu ukijua kwamba bima ya mapema kabisa utakayoipata ni ya Februari mwaka ujao.

Hata hivyo wanaosema ngoja nao hawakosei, mradi wawe na bima ya kazini iliyo hai. Kama wewe au mwenzi wako bado mnafanya kazi kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, bima hiyo ndiyo inayolipa kwanza, na sheria inakuruhusu kuahirisha Sehemu B bila faini. Kazi au bima ikiisha, kwa kutegemea ipi imetangulia kuisha, unapewa miezi 8 ya kujiandikisha. Kulipa dola 202.90 juu ya bima ambayo tayari inakutosha ni kupoteza fedha ambazo zingesaidia nyumbani.

Ipo pia sababu ya pili ya kungoja, na hii watu wachache huitaja. Medicare ya kawaida ikishalipa sehemu yake, mara nyingi unabaki na asilimia 20 ya gharama za Sehemu B, na asilimia hiyo haina kikomo. Anayefanyiwa tiba ya saratani anaweza kufikishwa pabaya na hiyo 20 peke yake. Ndiyo maana watu hununua bima ya nyongeza iitwayo Medigap. Kwa miezi 6 tangu Sehemu B yako ianze ukiwa na miaka 65 au zaidi, kampuni haiwezi kukukataa wala kukutoza zaidi kwa sababu ya ugonjwa. Miezi hiyo huja mara moja tu. Baada yake, katika majimbo mengi, kampuni inaweza kukuuliza kuhusu sukari, presha au moyo, na kukufungia mlango. New York, Connecticut, Massachusetts na Maine ni miongoni mwa machache yenye ulinzi zaidi. Sasa fikiria mtu mwenye bima nzuri ya kazini aliyeanza Sehemu B akiwa na 65 kwa hofu ya faini, kisha akastaafu na 69. Ile miezi 6 ilikwisha zamani, wakati alipokuwa hana haja ya Medigap.

Tatizo ni kwamba wengi wanaongoja hawana bima ya namna hiyo, wanadhani tu wanayo. Mama anayehudumia wazee majumbani chini ya wakala mdogo wenye watu 12 yuko katika hali tofauti kabisa na jirani yake wa hospitali kubwa. Kwa mwajiri wa watu chini ya 20, Medicare ndiyo hulipa kwanza kwa kawaida, na bima ya kazini inaweza kukataa kulipa sehemu ambayo Medicare ingepaswa kuilipa. Halafu kuna COBRA, ile ya kuendelea kujilipia bima ya kazi uliyoiacha. Haihesabiwi kuwa bima ya mtu aliye kazini. Mtu anakaa humo miezi 18 akijiona salama, huku ile miezi 8 imeshapita.

Kwa hiyo kabla ya kuamua kungoja, nenda ofisi ya rasilimali watu na uulize mambo mawili: kampuni ina wafanyakazi wangapi, na je, wako tayari kujaza fomu CMS-L564? Ni fomu fupi ambayo mwajiri anaandika tarehe ulizokuwa na bima kisha anaitia saini, na ndiyo ushahidi wako Social Security. Iombe wakati bado unafahamiana na watu wa ofisi. Kampuni ikifungwa au ikiuzwa, utahangaika na stakabadhi za mishahara na kadi za zamani.

Linabaki swali gumu kuliko yote, la wanaopanga kurudi kuzeekea Afrika Mashariki. Medicare, isipokuwa katika hali chache sana, hailipi matibabu nje ya Marekani. Baadhi ya mipango ya Medigap hulipa asilimia 80 ya dharura safarini baada ya wewe kulipa dola 250 za kwanza, lakini ni kwa siku 60 za mwanzo wa safari, na kikomo cha maisha ni dola 50,000. Hiyo inamfaa anayekwenda kusalimia, si anayehamia. Na kuishi ng'ambo peke yake hakumwondolei mstaafu faini.

Hesabu inasemaje? Tuseme umekaa nje miaka 6 bila Sehemu B, na ada haijabadilika. Umeokoa dola 14,608.80. Ukirudi, faini ya asilimia 60 ni karibu dola 122 kila mwezi, na itachukua miaka 10 kuimeza ile akiba yote. Ukipiga hesabu kwa miaka 3 au 8, jibu ni lile lile, miaka 10. Kwa anayerudi Marekani akiwa na 75 au 80, kifedha kungoja kunaweza kabisa kuwa na maana.

Lakini wazee wetu wanaorudi huku mara nyingi hurudi kwa sababu ya maradhi, wakihitaji daktari wiki hiyo hiyo, si baada ya Januari. Ndiyo maana nashauri hivi: kama watoto na wajukuu wako wako Marekani, na moyoni unajua kwamba ukizidiwa ndiko utakakoletwa, lipa Sehemu B hata ukiwa ng'ambo. Kama umefunga nyumba, una bima ya huko uendako na watoto wako wako huko, iache. Sehemu A ya bure, baki nayo kwa vyovyote.

Na kama kinachokuzuia ni zile dola 202.90 zenyewe, kwa kuwa pensheni ni ndogo, kila jimbo lina mpango wa kuwalipia Sehemu B wenye kipato cha chini, na anayekubaliwa humo hatozwi faini ya kuchelewa hata kama alikuwa nayo. Maombi yake hupelekwa ofisi ya jimbo ya Medicaid, ile bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Washauri wa SHIP, mpango wa kuwashauri watu kuhusu Medicare, ambao wako kila jimbo, husaidia kuyajaza bila malipo.