Mjaribu asisubiri siku ya mwisho

Timu ndogo nyingi za programu huenda hivi: sprinti, yaani awamu fupi ya kazi ya wiki mbili, inaanza, wasanidi wanaandika msimbo (maagizo yanayoendesha programu), na ikibaki siku moja kazi yote inarundikwa kwa mjaribu, yule anayekagua programu kabla haijatolewa kwa watumiaji. Akigundua hitilafu, yeye ndiye anaonekana kuchelewesha watu. Utaratibu huo naupinga kabisa. Mjaribu anatakiwa awepo tangu kazi inapojadiliwa kwa mara ya kwanza.

Chukua ombi linaloonekana jepesi: mtumiaji aweze kubadilisha namba yake ya simu. Msanidi anaona kisanduku kimoja na kitufe cha kuhifadhi. Mjaribu anauliza: ujumbe wa uthibitisho utaenda namba ya zamani au mpya? Je, kama namba mpya tayari ina akaunti ya mtu mwingine? Aliyepoteza laini yake ataingiaje? Na mtandao ukikatika katikati, mfumo utabaki na namba ipi? Hapo bado hakuna hata mstari mmoja ulioandikwa, kwa hiyo kurekebisha ni kubadilisha maelezo tu. Maswali hayohayo yakija siku ya mwisho, ni kubomoa na kuanza upya, au, kama inavyotokea mara nyingi, kuyafumbia macho.

Majaribio ya kiotomatiki nayapenda, na yaendeshwe kila msimbo mpya unapounganishwa. Ila hukagua kile tu ambacho mtu alikumbuka kukiuliza.

Wapo wanaosema timu ya watu wanne haimudu mjaribu, na kwamba hata Scrum, utaratibu maarufu wa kupanga kazi za timu kwa sprinti, haina cheo hicho, timu nzima ndiyo inawajibika. Ni kweli. Lakini jukumu la wote lisipopewa mtu, halifanywi. Kama mjaribu hayupo, basi msanidi mwingine aulize na ajaribu, kwa sababu aliyeandika hupita njia ileile aliyokwisha kuifikiria.

Tarehe 1 Agosti 2012, Knight Capital, kampuni ya Marekani ya kununua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilipoteza zaidi ya dola milioni 400 ndani ya dakika 45 hivi. Fundi alikuwa ameweka msimbo mpya kwenye seva saba, akaisahau ya nane, na humo msimbo wa zamani ulioachwa miaka mingi ukaamka. Hapakuwa na fundi wa pili aliyehakiki kazi ile. Mtu huyo wa pili, hata timu ya watu watatu inaye.