Tuzo ya ufundishaji bila mtu kuingia darasani

Hoja ya kuanzisha tuzo za wahadhiri wanaofundisha vizuri ikifika mbele ya baraza la chuo, hupokelewa kwa adabu kisha hutupiwa mawe mawili. La kwanza ni kwamba tuzo hizi ni shindano la umaarufu: mcheshi mwenye kugawa alama kwa ukarimu ndiye atakayezibeba. La pili ni kwamba uongozi unatafuta njia nafuu ya kukwepa deni. Badala ya kuajiri walimu na kupunguza msongamano ukumbini, anaitwa mtu mmoja jukwaani, anapewa ngao, anapigwa picha.

Mawe yote mawili yana uzito. Lile la kwanza lina ushahidi kuliko hata wanaolirusha wanavyodhani.

Mwaka 2019 watafiti wa Harvard walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya katika somo la fizikia. Mada ilikuwa moja na karatasi za mazoezi zilezile, lakini njia zilikuwa mbili. Kundi moja lilimsikiliza mhadhiri hodari akieleza kila kitu. Jingine lilihangaika na maswali katika vikundi vidogo huku mwalimu akizunguka kusaidia. Kwenye mtihani, waliohangaika walipata alama za juu zaidi. Walipoulizwa wamejifunza kiasi gani, haohao ndio waliohisi wamejifunza kidogo.

Matokeo haya yamenikaa kichwani kwa muda mrefu. Wanafunzi wale hawakusema uongo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wao waliinama kweli, wakahisi mgongo unauma, wakadhani wamepotea. Wenzao walisikia maelezo yanayoteleza kama maji wakaamini yamewaingia. Sasa weka sanduku la kura mlangoni mwa kumbi hizo mbili. Tuzo itakwenda kwa aliyewafundisha kidogo, nayo itatolewa kwa moyo mweupe kabisa. Mwaka 2010 kulichapishwa uchunguzi mwingine, wa chuo cha jeshi la anga la Marekani, ambako wanafunzi hupangiwa walimu bila kuchagua. Huko pia waalimu waliosifiwa katika kozi ya kwanza ya hesabu walielekea kutoa wanafunzi waliofanya vibaya zaidi katika kozi zilizofuata.

Wapinzani wa tuzo wakisoma hayo hufunga faili. Hapo ndipo ninapoachana nao. Ushahidi huo unaiangusha kura ya mwishoni mwa muhula, lakini hauigusi hoja ya kwamba ufundishaji mzuri unastahili kutambuliwa. Tena unaipa nguvu, kwa sababu umetuonyesha kwamba leo hatumjui mwalimu mzuri ni nani.

Fikiria jinsi utafiti unavyotazamwa. Makala hupita mikononi mwa wasomi wawili au watatu kabla ya kuchapishwa. Ombi la ruzuku huchambuliwa mstari kwa mstari. Lakini mhadhiri anaweza kufundisha miaka ishirini pasipo mwenzake hata mmoja kukaa kiti cha nyuma na kumsikiliza. Saa ikifika mlango unafungwa, na ushahidi wote unaobaki ni fomu ya tathmini iliyojazwa kwa haraka. Kisha siku ya kupandishwa cheo tunashangaa kwa nini kamati inahesabu machapisho tu. Itahesabu nini kingine?

Eric Mazur, mwanafizikia wa Harvard, alikuwa akisifiwa sana na wanafunzi wake. Karibu na mwaka 1990 aliwapa mtihani mfupi wa dhana za msingi za nguvu na mwendo, maswali aliyoyaona mepesi mno. Mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu vipi: kama alivyofundishwa, au kama anavyofikiri mwenyewe? Matokeo yakawa mabaya. Mazur akaacha mtindo wa kuhubiri, akaanza kuwauliza swali, kuwaacha wabishane wao kwa wao, kisha kuwauliza tena. Mwaka 2014 alipewa tuzo ya dola 500,000 kwa kazi hiyo. Kama kipimo kingekuwa sifa za wanafunzi peke yake, angetuzwa mapema zaidi, na angetuzwa kwa mtindo uleule alioutupa.

Tuzo ninayoitetea, basi, inamlazimu mtu aingie darasani. Kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, kimekuwa na utaratibu unaokaribiana na huo tangu mwaka 2001. Mwombaji anaandaa jalada la kazi yake ya ufundishaji, linasomwa, naye anahojiwa. Akifaulu hupata hadhi na nyongeza ya mshahara, na idara yake nayo huongezewa fedha. Kipengele hicho cha idara nakipenda kuliko vyote, maana mkuu wa idara anapata sababu ya kumwachia mtu wake muda wa kuandaa somo.

Hilo linalijibu jiwe la pili kwa nusu. Nusu iliyobaki nakubaliana nayo: ngao haipunguzi wanafunzi mia nne ukumbini, na chuo kinachotoa tuzo huku kikiacha nafasi za walimu wazi hakina la kujitetea. Katika vyuo vya Marekani kuna hata uvumi wa miaka mingi kwamba mhadhiri kijana akishinda tuzo ya ufundishaji, ajira ya kudumu ataikosa. Uwe wa kweli au la, unatokana na tuzo kuishia ukutani bila kuingia kwenye faili la kupandishwa cheo.

Gharama yenyewe ni masaa ya maprofesa wenye shughuli nyingi: kukaa ukumbini mara mbili tatu, kusoma maswali ya mitihani ya mwaka juzi na ya mwaka huu, kuona ni wapi mwalimu alibadilisha swali baada ya kugundua wanafunzi wanalijibu kwa kukariri. Katika waombaji kumi, tisa watatoka bila ngao. Lakini wote kumi watakuwa wametazamwa wakifundisha, pengine kwa mara ya kwanza tangu waajiriwe, na kila mmoja atarudi ofisini na kurasa mbili za maoni kutoka kwa mtu anayelijua somo lake.