Mtu mmoja, shilingi moja, na kilomita ngapi?

Jumanne jioni nilikuwa ndani ya matatu, foleni imeganda, redio inajadili mgao wa fedha za kaunti. Msikilizaji mmoja akapiga simu na kusema kwa utulivu kabisa, kama anayesoma utabiri wa hali ya hewa: "Kule kaskazini kuna mchanga na ngamia. Pesa zifuate watu. Mtu mmoja, kura moja, shilingi moja." Mtangazaji akamshukuru kwa mchango wake. Abiria wawili mbele yangu wakaitikia, "Kweli kabisa." Nilinyamaza mpaka nikashuka, na ule unyamavu wangu ndio unaoniandikisha haya.

Mimi ni mzaliwa wa Wajir. Kila tulipofunga safari ya Nairobi, bibi yetu alituaga kwa maneno yale yale: "Wasalimieni watu wa Kenya." Hakuwa anatutania. Kwake yeye Kenya ilianza ng'ambo ya Mto Tana, baada ya daraja la Garissa, mahali ambapo basi lilisimamishwa na sisi tunaotoka juu tukashushwa, tukapangwa mstari, kila mtu na kitambulisho chake mkononi. Mtoto akishuhudia hayo safari baada ya safari, hahitaji mwalimu wa kumfafanulia mpaka ni nini.

Watu husema eneo letu ni kame, ndiyo maana liko nyuma. Ukame upo, siukatai. Lakini mvua haikuandika sheria. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya wilaya za pembezoni, na chini ya sheria hiyo eneo likishatangazwa kufungwa, huingii wala hutoki bila kibali. Mwaka 1934 ikaongezwa sheria ya wilaya maalum, ikawapa maofisa nguvu za kuamua kabila gani lichunge wapi, na kuadhibu jamii nzima kwa kosa la mtu mmoja. Mfugaji anaishi kwa kufuata mvua. Ukimchorea mstari, ukamnyang'anya mifugo anapouvuka, umemfanya maskini kwa kalamu kabla jua halijamgusa.

Halafu ukaja uhuru, na ukaja na mipaka mipya. Tume ya 1962 ilizunguka NFD (Northern Frontier District, jina la kikoloni la eneo letu la kaskazini) ikasikiliza watu, ikaona wazi kwamba Wasomali walio wengi walitaka kuungana na Somalia. Jibu lililotoka mwaka 1963 lilikuwa mkoa mpya: Garissa, Wajir na Mandera zikawa Kaskazini Mashariki, ilhali Isiolo, Marsabit na Moyale zikaingizwa Mkoa wa Mashariki. Anayekumbuka ramani ya mikoa minane aitazame tena. Mkoa wa Mashariki ulianzia mpaka wa Ethiopia ukateremka mpaka Ukambani, na makao yake makuu yalikuwa Embu. Mtu wa Moyale mwenye shauri kwa mkuu wa mkoa alivuka jangwa la Dida Galgalu, akavuka Kaisut, akapita Isiolo na Meru, ndipo afike mbele ya meza ya karani ambaye labda hajawahi kumwona ngamia akinyweshwa. Bonde la Ufa nalo lilikuwa vivyo hivyo, kutoka Turkana mpaka mpaka wa Tanzania, likiongozwa kutoka Nakuru. Aliyeuchora mkoa wa namna hiyo alikuwa amekwisha kuamua nani atakuwa karibu na serikali na nani atakuwa mbali nayo.

Wiki mbili tu baada ya bendera kupandishwa, Desemba 1963, hali ya hatari ikatangazwa kwetu. Vita vya Shifta, vya wapiganaji waliotaka eneo letu lijiunge na Somalia, vilikwisha mwaka 1967, lakini sheria za hatari zilibaki hadi 1991. Miaka 28! Yaani mtu alizaliwa, akasoma, akaoa, akapata watoto, bado anaishi chini ya amri ambazo Mkenya wa Nyeri au Kisumu hakuwahi kuziona. Mauaji ya Wagalla, uwanja wa ndege karibu na Wajir ambako vikosi vya serikali viliwaua raia, Februari 1984, yalitokea ndani ya miaka hiyo. Nyumbani kwetu jina hilo halitajwi wakati wa chakula.

Na mwaka 1965 serikali ilieleza waziwazi, katika Waraka nambari 10, sera yake ya uchumi, kwamba fedha za maendeleo ziwekezwe mahali zitakapoongeza mazao kwa wingi zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye usafiri na umeme, na penye watu walio tayari kupokea maendeleo. Reli ilikuwa wapi? Ilikuwa imepita Mombasa, Nairobi, Nakuru na Kisumu, ikihudumia mashamba ya walowezi. Kwa hiyo palipokwisha kupewa pakaongezewa, na palipofungwa tangu 1902 pakaambiwa pasubiri. Lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale ilikamilika zaidi ya miaka 50 baada ya uhuru. Nikisikia mtu anasema "kule hakuna kitu", huwa natamani aitafute aya hiyo ya 1965 na kuisoma kwa sauti.

Ndipo tunafika kwenye shilingi moja. Kanuni ya kwanza ya kugawa fedha, ugatuzi ulipoanza 2013, iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45. Ukubwa wa ardhi ulipewa 8. Kwa sensa ya 2019, Marsabit ilikuwa na watu wasiofika 460,000 kwenye karibu kilomita za mraba 71,000. Nairobi ilikuwa na watu karibu milioni 4.4 kwenye kilomita za mraba karibu 700. Kuna wanaoona hata hiyo 8 imezidi. Mwaka 2020 Seneti ilikwama kwa vikao kadhaa juu ya jambo hili, na mvutano ukatulia tu baada ya kuahidiwa nyongeza ya shilingi bilioni 53.5 ili kaunti yoyote isipunguziwe.

Binamu yangu ni muuguzi kwenye zahanati moja huko kwetu. Watu anaowahudumia, ungewaweka Kiambu, wangeenea kwenye vijiji viwili na wote wangefika kliniki kwa miguu. Kwake wametawanyika, wengine mwendo wa siku nzima, na wakihama na mifugo anawafuata kwa pikipiki, kaboksi la chanjo limefungwa nyuma. Maji ya zahanati yanaletwa na lori. Mvua ikinyesha, mvua ile ile ambayo watu wanadhani hatuna, udongo unageuka tope na gari la wagonjwa halitoki. Mwaka juzi walimpakia mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku, gari likazama kabla ya nusu ya safari, akajifungulia humo humo kwa mwanga wa simu. Mtoto aliishi. Shilingi iliyomfikia mama yule ilikuwa imeshaliwa na dizeli, matairi, na maji ya lori kabla haijanunua hata pamba. Huwezi kuilinganisha na shilingi ya Kiambu.

Nakubali, na kukubali kunaniuma, kwamba wezi wetu wenyewe wamekula sehemu kubwa ya kilicholetwa. Yapo majengo yaliyolipiwa na hayana paa. Ipo miradi inayogawanywa kwa ukoo. Hilo ni deni la viongozi wetu kwetu sisi tuliowachagua, na tunapaswa kuwadai kwa ukali kuliko tunavyofanya. Na ndiyo, mtoto wa Mathare, mtaa wa mabanda wa Nairobi, ana njaa ile ile. Sijasema anyang'anywe.

Katiba ya 2010 ilikwisha kuliona jambo hili. Iliunda Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa, kwa maji, barabara, afya na umeme wa maeneo yaliyotengwa, na ikaipa miaka 20. Muda huo unakwisha 2030, na miaka mingi imepotelea kwenye mivutano na kesi za nani azishike fedha zenyewe. Ni Bunge linaloweza kuuongeza. Mbunge wako, popote ulipo, ana kura katika hilo.

Jana binamu alipiga simu. Friji ya chanjo imeharibika tena. Fundi yuko mjini, anasubiri gari lenye nafasi. Akilipata, atafika Ijumaa.