Impreza au Evo: ipi ya kuweka?

Kuanzia 1996 hadi 2001 Safari Rally ya Kenya ilikimbizwa mara sita, na mara tano aliyeshinda alikuwa ndani ya Mitsubishi au Subaru. Mäkinen alifungua 1996 na Mitsubishi, McRae akajibu 1997 na Subaru, Burns akashinda 1998 kwa Mitsubishi na 2000 kwa Subaru, kisha Mäkinen akarudi 2001. Ford waliponyoka na ya 1999 tu. Kwa hiyo ubishi wa Impreza ya Subaru na Lancer Evolution (Evo) ya Mitsubishi ni wa Wajapani, lakini vumbi lake ni letu pia.

Siku hizi wanaobishana ni wanaotaka kununua na kuweka. Subaru wana Impreza 22B ya 1998: milango miwili, mabega mapana kama gari la mashindano, injini ya lita 2.2, na 400 tu kwa soko la Japani. Mitsubishi wana Evolution VI ya Tommi Mäkinen, iliyotolewa kuenzi mataji yake manne mfululizo ya udereva wa rally duniani, 1996 hadi 1999. Kwenye karatasi, zote mbili ni nguvu za farasi 280, kwa sababu watengenezaji wa Japani walikubaliana wasitangaze zaidi ya hapo. Kwenye mnada 22B inaiacha Evo mbali. Uchache unalipwa, wala sioni kosa.

Ila fungua boneti. Injini ya Subaru imelala, pistoni zikienda kushoto na kulia, hivyo uzito unakaa chini na gari linashika kona. Ule mngurumo wa kukatakata unatokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu. Sasa jaribu kubadilisha plagi. Ziko ubavuni, zimebanana na bodi. Mkono unaingia, kiwiko kinakwama, unazungusha robo kwa robo, unatoka umechubuka vidole. Kwenye Evo unaondoa kifuniko cha juu, zote nne zinakutazama. Bloku yake ni ya chuma, ya Subaru ni alumini, ndiyo maana wapenda turbo kubwa huiamini Evo zaidi.

Evo nayo ina lake. Mfumo wa AYC, unaogawa nguvu kati ya magurudumu ya nyuma, ukifa utauza kitu nyumbani. Toleo la RS halina huo mfumo, na kwa mtu anayeendesha gari lake badala ya kulifunika turubai, mimi ningetafuta hilo.

Nairobi hesabu inabadilika. Spea za Subaru unazipata kwa urahisi kwa sababu Forester na Impreza zimejaa barabarani. Za Evo utazisubiri. Tena Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo za kuchagua ni zile zilizoingia zamani, na baadhi zimeshalala mtaroni wikendi moja au mbili. Mimi kabla ya kusikiliza injini huinua zulia la buti nikatazama rangi ya bati la chini, nijue kama limewahi kugongwa.