Serikali Idhamini Nyumba ya Mashambani, Gusii kama Minnesota

Wengi wa jamaa zangu wa Gusii, kusini-magharibi mwa Kenya, huamini kwamba sisi tulio Marekani hununua nyumba kwa sababu mishahara ya huku ni minono. Mimi ni mhudumu wa wazee katika Kaunti ya Nobles, kusini-magharibi mwa jimbo la Minnesota, na nyumba ninayo. Lakini mshahara wangu peke yake usingeifikia. Niliipata kwa sababu serikali ilikubali kubeba sehemu kubwa ya hasara ambayo benki ingepata endapo ningeshindwa kulipa.

Mpango huo, ambao chimbuko lake ni Sheria ya Nyumba ya mwaka 1949, unasimamiwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani. Benki ndiyo inayotoa fedha, nayo serikali huidhamini hadi asilimia 90 ya mkopo, na ndiyo maana mkopaji hatakiwi kutoa malipo ya awali, ambayo huwafungia mlango watu wengi wa kipato cha chini. Mkopaji hulipa ada ya asilimia 1 mwanzoni na asilimia 0.35 ya deni kila mwaka, kwa riba isiyobadilika katika miaka 30. Sharti nyumba iwe katika eneo linalotambuliwa kuwa la mashambani, mkopaji aishi humo mwenyewe, na mapato ya kaya yasizidi asilimia 115 ya kiwango cha kati cha eneo hilo. Mgeni mwenye kibali cha ukaaji wa kudumu naye hukubaliwa.

Sisemi kwamba maisha ya huku ni mepesi. Worthington, makao makuu ya kaunti yetu, ni mji wa watu wapatao 14,000 unaotegemea machinjio ya nguruwe, mahindi na soya. Asiye na gari hana pa kwenda, na upepo wa Januari unapovuka mashamba yale tambarare hata mlango wa nyumba ni kazi kuufungua. Kodi ya mali hulipwa kila mwaka, na anayeshindwa kulipa mkopo hunyang'anywa nyumba licha ya dhamana, kwa kuwa dhamana inamlinda mkopeshaji. Nyumbani, aliyejenga pole pole hadaiwi na mtu, na hilo ni jambo la thamani kubwa.

Hata hivyo, kujenga pole pole kunawagharimu watu wetu umri wao. Kuta husimama miaka mingi zikingoja mabati, kwa sababu shamba lingali katika jina la babu, mirathi haijakamilishwa, na benki haikopeshi bila hatimiliki. Wakati huo huo, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inamkata mwalimu wa Nyamira, huko Gusii, asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri wake anaongeza kiasi hicho hicho, ilhali sehemu kubwa ya fedha hizo inajenga maghorofa ya mjini ambayo mwalimu huyo hana nia ya kuhamia. Anataka kujenga kwao. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi mbili ya Wakenya wanaishi mashambani, kwa hiyo yeye si mtu wa pembeni katika jambo hili.

Kuiga mpango wa Marekani jinsi ulivyo hakutafaa, maana unategemea hati ya ardhi iliyo safi. Ninachopendekeza ni kwamba sehemu ya tozo hiyo idhamini mikopo ya ujenzi inayotolewa na sacco, yaani vyama vya akiba na mikopo, ambazo tayari zinamjua mkopaji, akiba yake na njia ya kumkata, iwe ni kwenye mshahara au kwenye malipo ya majani chai. Leo mzigo huo unabebwa na wadhamini, yaani wafanyakazi wenzake, ambao akiba zao hushikiliwa mpaka deni liishe, na wengi huogopa kutia sahihi kwa mkopo mkubwa wa kutosha kumaliza nyumba. Wapo watakaosema kwamba mkopaji atazembea akijua serikali ipo. Lakini makato yangeendelea kama kawaida, na sacco ikiachiwa asilimia kumi ya hasara, itakuwa na sababu ya kumchunguza kila mwombaji kabla ya kumpa hata shilingi moja.